Samaki wa Tatu

Jumamosi iliyopita niliwaacha nikiwa nimejikunja kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda namba tisa, nasubiri kupambazuke. Wale walioniandikia kuuliza kama mke wangu alipona, nawaomba subira. Leo sina jibu hilo. Leo nina la kuungama.

Kwa anayenikuta njiani, nirudie kidogo.

Mimi ni mchora mabango. Sikusomea. Nilijifundisha kwa kunakili herufi za kwenye makopo ya rangi. Mke wangu ni fundi wa cherehani, na mwaka jana tundu la sindano lilianza kumpotea. Jicho la kushoto likazima kabisa. La kulia likaanza kulifuata. Madaktari wa kwetu walikuta uvimbe nyuma ya macho, mdogo kama punje ya hindi, wakasema wao hawaugusi.

Mke wangu ndiye aliyesema kuna hospitali nchi nyingine, na mji akautaja. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Nimesikia." Sikuuliza zaidi. Mimi si mtu wa kuuliza zaidi, na leo mtaona tabia hiyo ilinifikisha wapi.

Jambo la mwisho, kisha niendelee. Tuna binti wa miaka kumi na saba, tumemwacha kwa dada yangu kwa sababu ya mitihani. Nilipokutana na mama yake, mtoto alikuwa mgongoni, ana miezi saba. Mama yake aliniambia, "Baba yake alikufa," akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nikamlea. Hajawahi kuniita jina lingine ila Baba.

Sasa twende siku yenyewe ya upasuaji.

Saa tatu asubuhi alikuja nesi mmoja aliyekuwa anajua lugha yetu. Hapo wodini aliniita "msindikizaji," maana ndivyo beji yangu ilivyoandikwa. Hawakuwahi kuniuliza mimi ni nani wake, nami sikuwahi kusema. Nilidhani inajulikana.

"Msindikizaji," akasema, "sikiliza vizuri. Saa nane kamili daktari wa usingizi anakuja na fomu. Mgonjwa anasaini, na mmoja wa watu wake anasaini mbele ya daktari. Mume, mzazi, au ndugu wa damu. Sahihi mbili. Ikikosekana moja, haingii."

"Nisaini sasa hivi?"

"Majibu ya damu hayajatoka. Saa nane."

"Na asipoingia leo?"

"Bingwa anasafiri kesho. Anarudi baada ya wiki sita."

"Jicho litasubiri wiki sita?"

Akamtazama mke wangu, kisha akanitazama mimi. "Halitasubiri," akasema, akaenda zake.

Nikakaa. Mke wangu akageuza uso upande wangu. Wakati ule alikuwa anaona vivuli tu.

"Brashi," akaniita. Hilo ndilo jina langu nyumbani. "Mbona unanikodolea macho?"

"Umejuaje?"

"Nasikia. Unapumua kama mtu anayechora mstari mrefu."

"Nimekaa tu."

"Umekaa siku nne. Wenzangu humu wodini wanadhani wewe ni ile nguzo ya kutundikia dripu."

Nikacheka. Yeye ndivyo alivyo, akiogopa anatania.

"Nenda ukaone mji," akasema. "Hatuna cha kufanya mpaka saa nane. Nenda ukanionee."

"Nikaone nini?"

Akafikiri. Au nilidhani anafikiri. "Hapo nyuma kuna uwanja. Una chemchemi. Kuna samaki watatu wa shaba wanatema maji. Usisimame kushoto. Yule wa kushoto anatema pembeni, atakulowesha viatu."

"Nani kakwambia?"

"Watu wanaongea humu."

Ilikuwa kweli, watu waliongea. Waliongea lugha ambayo nilijua mke wangu haijui.

"Ukirudi nitakuuliza neno moja tu," akasema. "Umewaona samaki? Ukiniambia umewaona, nitalala vizuri hata wakinipasua kwa msumeno. Na niachie simu. Nataka nisikilize tena ule ujumbe wa mtoto."

Simu yetu ilikuwa moja. Tangu ilipotumbukia kwenye kopo la rangi haikusikika sikioni, mpaka uweke spika, na spika yake ilisikika hadi kwa jirani. Binti yetu alikuwa ameahidi kupiga saa tisa, akitoka kwenye mtihani.

"Saa tisa wewe utakuwa ndani," nikamwambia.

"Basi utapokea wewe. Wewe si ndiye baba?"

Nikamwachia simu. Nikaondoka saa nne.

Na niliseme hili pia: nilifurahi kutoka. Siku nne za harufu ya dawa. Nilipofika nje nikavuta pumzi kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Nina namna yangu ya kushika njia. Maandishi ya mji ule sikuweza kuyasoma, herufi zao ni nyingine kabisa, lakini mchora mabango halazimiki kusoma ndipo akumbuke. Mitaa yao ilikuwa na vibao vya maumbo vilivyoning'inia juu ya kila duka. Nikatoa daftari langu, kila kona nikaandika. Buti jekundu, kushoto. Mkasi wa mbao, kulia. Miwani ya bati, nyoosha. Birika la bluu, kushoto.

Nikaufikia uwanja. Chemchemi ilikuwapo. Samaki walikuwapo.

Wawili.

Nikawahesabu. Nikazunguka. Nikawahesabu tena, kama vile mmoja alikuwa amekwenda haja na angerudi. Palipokuwa na nafasi ya tatu, upande wa kushoto, palikuwa na chungu cha maua. Nikasimama hapo kushoto makusudi kabisa. Viatu vyangu vikabaki vikavu.

Nikajiambia, si hapa. Mke wangu amesema watatu.

Hapo ndipo nilipopotea. Baadaye nilipita katika mitaa mingi nisiyoijua, lakini nilipotea pale, nimesimama penyewe hasa, nikamwamini yeye kuliko macho yangu. Nimeishi naye miaka kumi na sita kwa mtindo huo na hapakuwa na hasara.

Kwenye kona alikaa muuza magazeti. Nikafungua daftari, nikamchorea samaki watatu. Nachora vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Nikaongeza mistari ya maji yakitoka mdomoni. Nadhani yeye aliiona ni mvuke wa sufuria. Akacheka, akajipapasa tumbo, akanielekeza kwa mkono mzima ng'ambo ya daraja la chuma.

Nikavuka. Niliandika kila kibao. Kofia ya bati. Ufunguo mkubwa. Kiatu cha mtoto. Nilitembea sana, nikageuka kona kumi na moja, na nilikuwa na amani kabisa kwa sababu zote zilikuwa daftarini.

Mwisho wa njia ilikuwa soko la samaki.

Mama mmoja mwenye mikono mikubwa alilichukua daftari langu, akalitazama, akawaita wenzake. Wakaja watano. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha yule mama akachagua samaki watatu, akawapanga kwenye ubao vilevile kama nilivyowachora, vichwa kushoto, mmoja amejipinda kidogo. Akanitazama kwa fahari.

Nikacheka na mimi. Mke wangu yuko kitandani anasubiri kupasuliwa, na mimi nimesimama sokoni nacheka. Nimelifikiria sana jambo hilo.

Nilipoinua macho nikaona saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika kumi.

Muda upo, nikajiambia. Kona kumi na moja, daraja, uwanja, kona nne. Nafika hata saa nane haijasogea. Nikaanza kurudi, daftari wazi mkononi, nasoma kwa kurudi nyuma.

Kiatu cha mtoto. Nikakipata. Ufunguo mkubwa. Nikaupata.

Ndipo nikasikia mshindo. Mlango wa bati uliteremshwa mahali fulani nyuma yangu. Kisha mwingine. Kisha mtaa mzima, upande huu na upande ule, kelele kama mvua ya mawe juu ya paa. Watu walikuwa wanafunga maduka, wanakwenda kupumzika mpaka jioni.

Na nikamwona mwenye duka la kofia. Alitoka na mti mrefu wenye ndoano, akaitungua ile kofia ya bati, akaikumbatia kwapani, akaingia nayo ndani. Kama mtu anayemrudisha mtoto nyumbani.

Nilisimama nikimtazama. Nakwambieni, nilisimama nimeduwaa. Kwetu bango huchorwa ukutani. Likishakauka limekauka, halina ndani wala nje, halina saa ya kula. Miaka ishirini na mbili ya kazi, haikuwahi kunipitia akilini kwamba bango linaweza kuingia ndani kulala mchana.

Dakika tano baadaye mtaa wote ulikuwa bati la kijivu. Daftari langu lilikuwa na kurasa tatu za vitu visivyokuwapo tena duniani.

Nikaenda kwa kukisia. Nikapata daraja, nikavuka, nikagundua si la chuma ni la mawe. Nikarudi. Nikapata daraja la tatu. Nilikuwa nakimbia sasa. Njiani hapakuwa na mtu. Kwenye ghorofa mzee mmoja alifungua dirisha, nikamwita, "Hospitali! Hospitali!" Akanionyesha kwa viganja kwamba watu wamelala, akafunga.

Kengele ya mnara ikagonga mara mbili.

Saa nane. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Nikakaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu, nikajiambia, tulia, wewe ni mtu wa utaratibu. Kuna njia. Lakini nilichokuwa nakiona ni kalamu moja na mahali patupu kwenye karatasi.

Nilipoinua uso, kwenye uchochoro wa mbele, mashuka yalikuwa yameanikwa kambani. Kwenye ncha ya kila shuka kulikuwa na muhuri wa bluu. Nusu duara, na mstari chini yake.

Muhuri ule niliujua. Nilikuwa nimeutazama siku nne mfululizo kwenye ncha ya shuka la mke wangu. Nilikuwa hata nimeukosoa moyoni, kwamba aliyeuchonga alipindisha mstari.

Nikakimbia, nikalishika shuka la kwanza kwa mikono miwili. "Hili! Hili hapa!" nikapiga kelele kwa lugha yetu.

"We! Achia shuka!" sauti ikajibu kwa lugha yetu. "Hiyo mikono umenawa?"

Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, pasi mkononi. Nilitaka kulia.

"Mama..."

"Mama wa nani? Sema dada. Na shuka uliachie."

Nikaliachia. "Dada, mashuka haya ni ya hospitali gani?"

"Ile ya nyuma ya uwanja wa samaki. Mimi ndiye dobi wao. Kuna nini?"

"Mke wangu yuko huko. Alitakiwa aingie kupasuliwa. Mimi ndiye wa kusaini."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

Akatazama saa yake. Ilikuwa nane na dakika ishirini. "Sasa huku umefuata nini?"

"Nilikwenda kuona samaki."

Alinitazama jinsi anavyolitazama shuka lenye doa, anapojiuliza kama litatoka.

"Gari la mashuka linaondoka sasa hivi kwenda hukohuko," akasema. "Dereva!" akaita kwa nyuma. "Usiondoke, kuna mzigo mwingine!" Kisha akaniambia, huku ananisukuma kwenda uani, "Na samaki wenyewe uliwaona?"

"Niliwaona wawili. Nilikuwa natafuta pale penye watatu."

"Ni palepale. Wako wawili."

"Watatu, dada. Kuna yule wa kushoto anayetema pembeni. Ukisimama hapo unalowa viatu."

Akaacha kunisukuma.

"Yule wa kushoto alichukuliwa na mafuriko," akasema. "Miaka kumi na tano sasa. Hawakumpata mpaka leo, wakaweka chungu cha maua. Na kweli alikuwa anatema pembeni. Siku ya kwanza nafika mji huu alinilowesha mpaka soksi." Akanitazama vizuri. "Nani kakwambia habari hiyo?"

"Mke wangu."

"Basi mkeo aliishi hapa, kaka. Na si jana."

"Labda ameona picha."

"Picha inalowesha viatu?"

Nikapanda nyuma ya gari, katikati ya mafurushi ya mashuka safi. Kabla hajafunga mlango akanishika goti.

"Kaka. Usimuulize leo. Muulize akipona."

Nikatikisa kichwa kukubali. Gari likaondoka.

Nilikaa kwenye mashuka nikimtafutia mke wangu sababu. Labda shangazi yake alipita hapa. Labda mgonjwa mwenzake alimsimulia. Nilimtafutia tano, sita, na kila moja niliiweka mahali pake kama herufi, nikaona haikai. Tulipita uwanjani. Samaki wawili na chungu cha maua. Hospitali ilikuwa nyuma yake, hatua mia tatu.

Nilifika nane na dakika hamsini.

Kitanda namba tisa kilikuwa godoro tupu. Nikapanda ngazi mbilimbili hadi ghorofa ya upasuaji. Yule nesi alikuwa kwenye meza mbele ya mlango mkubwa wa kijani. Juu ya mlango taa nyekundu inawaka.

"Msindikizaji!" akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilipotea. Fomu iko wapi? Nisaini."

"Haina haja. Ameshaingia. Wamemwingiza sasa hivi, robo saa haijapita."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Mmekubali bila sahihi ya pili?"

"Hapana. Mume wake kasaini."

Nilidhani lugha imempiga chenga. "Nani?"

"Mume wake. Tulikungoja mpaka nane na robo. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshasaini, ameshafungwa bandeji machoni, analia, kila dakika anauliza umefika, ikabidi achomwe sindano ya kumtuliza. Mimi nikaona jicho la watu linapotea hivihivi. Nikaomba faili lake la zamani wanitafutie mtu."

"Faili gani la zamani?"

"La alipojifungulia hapa. Mtoto wa kike." Akalifungua. Karatasi zimekuwa za njano. "Kuna jina la mume na namba ya simu ya duka lake. Duka la saa, bado lipo. Nimepiga, amekuja mbio, hata kile kioo cha kutazamia saa hakukivua shingoni."

Kama nisingepotea, faili lile lisingefunguliwa. Nataka mlielewe hilo kabla hamjamhukumu mtu. Hakuna aliyepanga. Ni mimi tu na kofia ya bati.

Nesi alikuwa ameanza kunitazama kwa namna nyingine. Kidole chake kilikuwa juu ya sahihi. Sahihi nzuri, ya mkono uliotulia.

"Ngoja kwanza," akasema polepole. "Wewe umekaa hapa siku nne unamlisha kwa kijiko. Kwani wewe ni nani wake?"

Nikaitazama tena ile sahihi.

"Nakuuliza kwa sababu, kama mume ni wewe, basi karatasi hii imesainiwa na mtu asiyehusika. Hapo sina la kufanya ila kugonga mlango ule wasimamishe. Itabidi waanze upya, fomu mpya, daktari mpya wa kushuhudia."

"Leo?"

"Leo haiwezekani. Ni mpaka bingwa arudi."

Wiki sita.

Nikautazama mlango wa kijani. Nikaitazama taa nyekundu. Nilikuwa nimetamka neno "mke wangu" maelfu ya mara maishani bila hata kulisikia.

"Mimi ni kaka yake," nikasema.

"Wa damu?"

"Baba mmoja, mama mmoja."

Akashusha pumzi. Akanisogezea daftari la wageni. "Basi andika hapa, pembeni ya jina lako. Uhusiano."

Nikaandika KAKA. Herufi nne. Nimeandika mabango ya shule, ya maduka, ya misikiti na makanisa, na sijui kama nimewahi kupanga herufi vizuri kama zile.

"Haya, nenda ukakae na shemeji yako," nesi akasema. "Mtasubiri sana."

Kwenye benchi la ukutani alikaa mwanamume wa umri wangu. Kioo cha fundi saa kinaning'inia shingoni kwa uzi mweusi. Mapajani amepakata mkoba wa mke wangu, na juu ya mkoba ipo simu yetu, ile yenye tone la rangi nyeupe kwenye kona. Kwa marehemu, alikuwa na afya njema.

Nikakaa. Tukaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Pole, shemeji," akasema kwa lugha yetu.

"Asante."

Kisha akainama kidogo, akasema chini chini, nesi asisikie, "Hana kaka. Alizaliwa peke yake."

Sikugeuka. "Najua," nikasema.

"Nilidhani unajua."

Alikuwa na sauti ya upole. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na upole ule ukanivuruga.

"Alikuona?" nikamuuliza.

"Alikuwa na bandeji. Walinipa dakika moja. Aliniuliza swali moja tu, nikaona la ajabu." Akaushika mkoba vizuri. "Aliniuliza, umewaona samaki?"

Nikaukaza mkono wangu kwenye daftari.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nimewaona. Wote watatu. Akatabasamu. Akanishika kidole gumba mpaka walipomsukuma ndani. Zamani ndivyo alivyokuwa ananishika."

Miaka kumi na sita mke wangu amenishika kiwiko. Gizani, njiani, msibani, kiwiko. Kidole gumba, hata siku moja.

Labda ni ile sindano. Mtu akichomwa sindano ya kutuliza hajui ameshika nini. Nilikuwa bado naipanga sababu hiyo mahali pake, ndipo simu ikaanza kutetemeka juu ya mkoba.

Saa tisa kamili. Picha ya binti yangu ikajaa kwenye kioo cha simu, na sare zake za shule, anacheka.

Yule mtu aliinyanyua kwa vidole viwili, kama anavyonyanyua gurudumu dogo la saa. Akaivuta karibu na macho. Aliitazama, ikaita, akaitazama.

"Amekuwa mkubwa," akasema.

"Nipe hiyo simu," nikasema.

"Jamani," nesi akaita kutoka mezani, "pokeeni au zimeni. Hapa panatakiwa kimya."

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimeikumbuka spika. Nilitaka kuizima tu, nishuke nayo chini, nikaongee na mwanangu nje. Lakini alikuwa ameshabonyeza.

"Baba?"

Ukumbi mzima ulisikia.

"Baba, mama ameshaingia? Baba! Mbona kimya?"

Nesi akainua kichwa. Daftari la wageni lilikuwa wazi mbele yake. Mtoto huyu alijua baba yake yuko hapa tangu mwanzo, na fundi saa nesi alikuwa amemwita mwenyewe muda si mrefu. Akanitazama mimi, akamtazama yule, kisha akaanza kusimama, na mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye mlango wa kijani.

Yule mtu aliiteremsha simu taratibu, akaiweka kwenye benchi, kwenye ile nafasi iliyokuwa katikati yetu. Lakini hakuiachia.